Masizi ya Drusilla kwenye Komeo la Choo

Haya ninayoandika hapa hakuna mtu atakayeyaamini, na simlaumu. Hata mimi niliyeyaona kwa macho haya mawili, tena macho mazuri yasiyojua miwani, kuna siku huwa nayatilia shaka. Kuna mwanamke hapa upande wa Nyamache aliyewafanya wapishi wazima, pamoja na mzee mmoja mwenye ndevu, wanawe mikono kwa sabuni bila kumwambia yeyote neno moja. Hakupiga kelele, hakumshtaki mtu, hakuandika barua. Alitumia masizi ya sufuria. Ukitaka kucheka cheka sasa, maana mbele utaona haya.

Jina lake ni Drusilla Nyanchama, mpishi mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana ambayo jina lake nimeombwa nisilitaje. Mimi ni mjomba wake, Osoro, ndugu wa mama yake, na ndiye ninayeleta kuni za jiko lile. Naandika nikiwa nimeketi kwenye benchi nje ya jiko hilohilo, nikingoja chai. Shule mimi niliiachia darasa la saba, si kwa kukosa akili. Walimu walikuwa wameishiwa na la kunifundisha. Kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, jueni nimeipinda makusudi.

Drusilla alizaliwa Tabaka, kwenye machimbo ya mawe laini, na baba yake ni mchongaji. Kule wanaume wanachonga vifaru na bakuli, na wanawake na watoto wanakaa kuzunguka beseni la maji wakisugua kwa msasa mpaka jiwe lilainike. Kwa hiyo huyu mtoto alikua mikono ikiwa ndani ya maji. Na vumbi la mawe yale ni jeupe kama unga. Likianguka juu ya ugali hulioni mpaka meno yakuambie. Dada yangu, yaani mama yake, alikuwa akifunika kila chungu, na hakuna mtoto aliyegusa chakula kabla ya kusuguliwa vidole kimoja kimoja. Ndiyo maana mpaka leo Drusilla haamini kwamba kitu ni safi kwa sababu tu ni cheupe.

Kuna jambo lingine la Tabaka nataka mlishike, maana litarudi. Jiwe likishapigwa msasa unalitazama na kudhani kazi imeisha. Baba yake alikuwa anachukua kitambaa chenye rangi nyeusi ya viatu, analipitishia mara moja, na mikwaruzo yote iliyokuwa imejificha inajitokeza. Hapo hamkaripii aliyesugua. Anamrudishia jiwe tu.

Akaolewa huku Nyamache miaka kumi na tano iliyopita, akaingia jikoni kama mkata mboga. Leo yuko juu ya wapishi wengine wanne na wasichana mia sita na arobaini wanakula kutoka mkononi mwake. Mwiko wake una urefu wa mtu. Ananusa gunia la maharagwe kabla halijafunguliwa na kukuambia kama lilinyeshewa njiani. Ugali wa sufuria kubwa ile anausonga akiwa anaimba wimbo wa kanisa, na sauti haitetemeki. Mimi mwenyewe ningeweza kuusonga, ila mgongo wangu una heshima zake.

Kazi haikumpa shida. Shida ilikuwa mtu mmoja, Mzee Omwenga.

Omwenga alikuwa jikoni kabla ya Drusilla kuolewa. Ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye harusi na matanga kupika fahali mzima, na anajua chumvi imetosha kwa kunusa mvuke. Sitamsema vibaya, maana ananizidi kimo, na pia kwa sababu mwishowe alinishangaza. Lakini Omwenga ni ndugu wa baba mkwe wa Drusilla, tumbo moja. Na kwetu Abagusii, mke wa mwana na baba mkwe wake wana heshima tunayoiita chinsoni. Hawashikani mikono. Hawaketi kiti kimoja. Mambo ya mwili, ya kuoga na ya kwenda haja, hayatajwi kati yao hata kwa kuzungukazunguka. Na ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe vilevile, hakuna nusu. Akivunja mwiko huo mwanamke, wazee wanaitwa, mbuzi anatakiwa, na jina lake linazunguka ukoo mzima.

Sasa niambie, mwanamke wa namna hiyo atamwambiaje mzee wa namna hiyo kwamba ametoka chooni na hajanawa?

Hata kazi ya kawaida walikuwa wakiifanya kwa njia ambayo mgeni angedhani wameugua. Drusilla alizungumza na sufuria. Angesema, sufuria hii ingeongezewa maji, na Omwenga, uso ukiwa umeelekea ukutani, anaongeza maji. Omwenga naye alizungumza na jiko. Angeliambia jiko kwamba kuni za leo ni mbichi, na Drusilla ananitazama mimi. Hivyo ndivyo walivyopika miaka yote hiyo, na chakula kikaiva.

Kisha muhula wa pili mwaka jana wasichana kumi na tisa wakaharisha siku mbili mfululizo. Hakuna aliyelazwa, Mungu ashukuriwe. Lakini mmoja wao alikuwa binti ya Drusilla mwenyewe, wa kidato cha pili, na mama yake ndiye aliyempakulia chakula.

Mwalimu mkuu, Bi. Jacinta, aliwaita wapishi wote watano ofisini. Aliwaambia bila kupandisha sauti kwamba afisa wa afya atakuja siku yoyote ndani ya wiki tatu, bila kubisha hodi, apanguse viganja vyao na mbao zao za kukatia kwa pamba na kuipeleka pamba hiyo kupimwa. Uchafu ukipatikana, au msichana mwingine akiugua kabla ya shule kufungwa, jiko litapewa wakandarasi wa upishi kutoka Kisii mjini, nao watakuja na wapishi wao. Watano hawa watarudi kwa majani chai yao. Na wote tunajua shamba lenye mistari sita ya majani chai linalisha nani.

Drusilla alianza na njia za kawaida. Alibandika picha ya mikono yenye povu mlangoni. Wapishi waliisifu sana ile picha. Kila mmoja alidhani imewekwa kwa ajili ya mwenzake. Wakamwonyesha pia vyeti vyao vya afya, vilivyotundikwa ukutani ndani ya nailoni, kana kwamba cheti ndicho kinachonawa. Mmoja akamwambia asihangaike, moto unaua kila kitu. Hilo ni kweli kwa maharagwe. Lakini kachumbari ya kabichi ya siku ya Jumatano haijui moto, na ugali unakatwa na kugawiwa ukiwa umeshatoka motoni.

Aliweka pia jerikani la maji karibu na mlango wa jikoni, lile unalokanyaga kijiti linainama maji yanatoka, na sabuni ndani ya wavu wa vitunguu. Sabuni ilikaa wiki nzima kavu kama jiwe la kwao.

Basi akanituma mimi kwa Omwenga. Alichagua vizuri, maana kwa kusema hakuna wa kunishinda kutoka hapa mpaka Kiogoro. Nilimweka Omwenga kitako kwenye rundo la kuni nikamweleza habari za vijidudu, nikamwambia kuna vingine virefu kama kamba ya kiatu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema:

"Osoro, mgeni akija kwangu ninampelekea maji anawe, kwa sababu yeye ndiye anayekula. Mimi hapa sili. Mimi napakua."

Nilianza kuhesabu kuni ambazo nilikuwa nimeshazihesabu. Naandika hili kwa uchungu. Na msimcheke, maana hivyo ndivyo sisi sote tulivyolelewa. Maji ya kunawa yanapelekwa mezani, yanazungushwa kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, ni heshima ya mlaji. Nani kati yetu aliwahi kuona mpishi akipelekewa maji? Nilirudi kwa Drusilla nikamwambia kwamba mzee nimemshinda kwa hoja, amekubali kabisa. Akanitazama kidogo, akaendelea kuchambua maharagwe.

Jumapili hiyo alikwenda Tabaka kumwona baba yake. Hakwenda kutafuta ushauri, alipeleka ndizi. Akamkuta mzee nje ameshika kile kitambaa chake cheusi, analipitishia bakuli jeupe, na mikwaruzo inajitokeza. Mzee akamrudishia kijana aliyelisugua, bila neno. Drusilla aliniambia baadaye kwamba aliona pale jiko lake lote.

Jumatano asubuhi alipindua sufuria kubwa, akakwangua masizi chini yake, akayachanganya na mafuta ya kukaangia, na kwenda kuyapaka kwenye komeo la choo cha wafanyakazi, upande wa ndani. Hayo ni masizi yasiyotoka kwa maji matupu. Ni sabuni tu inayoyaweza. Hakumwambia mtu yeyote, hata mimi mjomba wake ninayejua kutunza siri.

Saa nne hivi, mtu fulani aliyekuwa ameleta kuni, jina lake halina umuhimu katika habari hii, alitoka choo kile, akaingia jikoni, akaona ugali wa wafanyakazi juu ya meza, akamega. Ugali ukabaki na alama za vidole vinne vyeusi, safi kama alama za kidole kwenye kitambulisho. Wapishi wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakaulizana masizi hayo yametoka wapi, mmoja akaenda kuangalia komeo, akarudi akiwa amefunga mdomo, kwa sababu alikuwa ameitazama mikono yake pia. Walioishika kazi tangu asubuhi wakaanza kujitazama. Kwenye mpini wa kisu, nyeusi. Kwenye ukingo wa aproni, nyeusi. Kwenye kifuniko cha unga, nyeusi. Hapo kicheko kikaisha chenyewe. Yule mtu wa kuni aliondoka na heshima zake zote, akaketi nje kwenye rundo lake, mahali ambapo mtu anaona vizuri ndani.

Omwenga hakuwa amesikia, alikuwa huko nyuma ya jiko. Akaja mezani kwake, akachukua kabichi kubwa, akaipasua katikati kwa pigo moja kama anavyofanya siku zote, akazishika nusu mbili azifungue. Mnajua ndani ya kabichi kulivyo kweupe. Alama nyeusi za vidole vyake zikabaki pale, tano upande huu na tano upande ule.

Visu vyote vikasimama. Ningeweza kusikia maharagwe yakichemka, na mimi nilikuwa nje. Kila mtu alijua yale masizi yanatoka wapi, na Omwenga alikuwa ameanza kujua kwa kuwatazama usoni. Hapo ndipo mambo yote yangeharibika. Angecheka mtu mmoja tu, mzee angevua aproni yake, angekwenda nyumbani kusema kwamba mke wa mwana wa ndugu yake amemvua nguo mbele ya watu. Na asingekuwa amekosea sana.

Drusilla akaweka mwiko chini. Akainua mkono wake wa kulia, akaugeuza watu wote wauone. Kwenye shina la kidole gumba kulikuwa na masizi.

"Sufuria," akasema, "na mimi nimekutwa. Nilinawa kwa maji matupu nikadhani yametosha."

Akatoka. Tukasikia kile kijiti kikikanyagwa, maji yakianguka. Akasugua kwa sabuni mpaka povu likabadilika kutoka jeusi likawa la kijivu, kutoka la kijivu likawa jeupe. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na sikusema kitu, jambo ambalo watu wa nyumbani kwangu hawataki kuamini. Akarudi ndani, akachukua mwiko wake, akaendelea na ugali. Upande wa Omwenga hakutazama.

Omwenga akaziweka mezani zile nusu mbili. Kisha akatoka. Kijiti kikalia mara moja, mara mbili, mara nyingi. Aliporudi alizichukua nusu zote mbili za kabichi ile akazitia kwenye ndoo ya ng'ombe wa shule, akachukua kabichi nyingine, akaikata nyembamba kama nyuzi. Na alipomaliza, akiwa amempa Drusilla mgongo, akaniita kutoka mlangoni.

"Osoro, mwambie mwenye jiko hili kwamba sabuni ile ni ndogo. Wapishi watano haiwatoshi."

Drusilla alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hata hivyo nilimwambia, neno kwa neno, kama mjumbe aliyetoka mbali.

"Mwambie kesho kitakuwapo kipande kizima," akasema.

Nimemuuliza mara tatu tangu siku ile kama kweli alisahau sabuni, yeye aliyekulia ndani ya beseni, au alijipaka masizi yale mwenyewe ili mzee apate mtu wa kuona haya pamoja naye. Mara zote tatu amenituma kuni. Mimi nina maoni yangu. Kama ni bahati, ilikuwa bahati ya ajabu. Na kama si bahati, basi kuna wazee wa mahakamani na wazee wa kanisa ambao hawajawahi kufikiria jambo zuri kama hilo.

Masizi yaliendelea kupakwa kila asubuhi wiki mbili. Wiki ya pili, aliyekuwa akiyakwangua hakuwa Drusilla tena. Alikuwa Omwenga. Alikuwa akiyachanganya kwa makini kama anayetia viungo kwenye mchuzi, kisha anasimama mlangoni na mwiko. Siku moja nilimwona akimrudisha kwenye jerikani mwalimu wa zamu aliyekuja kuonja maharagwe. Na mpishi mmoja alipolalamika kwamba anachubuka mikono kwa kunawa kila saa, nilimsikia mzee akimweleza, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na wazo hilo, kwamba anayekula ananawa kwa ajili ya tumbo moja, na anayepakua ananawa kwa ajili ya matumbo mia sita na arobaini.

Afisa wa afya alikuja Alhamisi moja wakati wa uji. Anaitwa Purity, msichana mwembamba mwenye koti jeupe na kisanduku cha pamba. Kabla ya kitu chochote alikwenda kukagua choo. Aliporudi, faili lake lilikuwa na alama nyeusi ya dole gumba katikati ya jalada. Wapishi wakainamisha vichwa. Omwenga, kwa kuwa huyu si mkwe wake na hana chinsoni naye, akamwambia tu kwa upole kwamba maji yako pale mlangoni, na sabuni iko ndani ya wavu. Yule afisa akatazama faili, akatazama mkono wake, akaenda kunawa. Kisha akarudi akapangusa viganja kumi, mwiko, meza na mbao za kukatia, akiwa na tabasamu ambalo alijaribu kulificha akashindwa.

Majibu yalichukua siku nane. Katika siku hizo Drusilla alipungua mpaka aproni ikamzunguka mara mbili. Bi. Jacinta alileta barua mwenyewe mpaka jikoni. Viganja vyote kumi vilikuwa safi. Ubao mmoja wa kukatia ulikuwa na ufa wenye uchafu, ukaamriwa utupwe, na Omwenga aliupasua kuwa kuni siku hiyohiyo. Watu wa Kisii mjini hawakuja. Hakuna msichana aliyeugua mpaka shule ikafungwa. Afisa aliuliza namna ya kuchanganya yale masizi, akitaka kuwaambia wapishi wa shule nyingine, na Drusilla akamwambia kwamba masizi si dawa. Yapakwe mpaka mikono izoee, halafu komeo lifutwe. La hapa limeshafutwa. Sabuni bado inaisha kwa siku tatu.

Barua ile ilisomwa mbele ya shule nzima siku ya kufunga, na sitasahau. Wasichana walipiga makofi mpaka misumari ya mabati ya bwalo ikalegea, ng'ombe wa shule akaacha kutafuna, na watu waliokuwa sokoni wakadhani kumekuja mheshimiwa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele, mtu wa pekee katika jiko lile ambaye komeo halikumpata hata siku moja, kwa sababu mikono yangu hii nimeizoesha sabuni tangu utotoni, na ni mimi niliyemfundisha Drusilla kunawa, hata afisa Purity alipoitazama alisema kwamba katika kaunti zote mbili, Kisii na Nyamira, hajawahi kuona viganja vilivyo—

"Mjomba."

Amesimama nyuma yangu, kikombe cha chai mkono mmoja, sahani ya viazi vitamu mkono wa pili, na sijui ameanza kusoma kuanzia wapi.

"Ule ugali wenye vidole vinne, aliumega nani?"

Namwambia kwamba nilikuwa nakaribia kufika hapo, na kwamba sentensi yenyewe haijaisha.

"Itaisha ukishanawa," anasema, na viazi anavirudisha nyuma, mahali ambapo mkono wangu—